KUMLISHA SUNGURA ALIYE MGENI NYUMBANI

Somo kwa wafugaji wapya wa Masisi na Walikale

I. Sababu ya somo hili

Msomaji, huenda umepata sungura wako wa kwanza. Labda umemnunua sokoni Sake, labda umepewa na jirani, labda mtoto wako ameletewa na mjomba wake. Umemjengea kizimba, na watoto wanamshangilia. Kila mmoja anakuja na chakula mkononi: huyu jani la kabichi, huyu punje za mahindi, huyu ganda la ndizi. Sungura anakula vyote, nawe unafurahi. Siku ya tatu amejikunyata pembeni, hali wala hanywi. Siku ya tano amekufa. Ndipo watu husema, "Jirani ana jicho baya," au, "Sungura hawaipendi baridi ya huku."

Sivyo. Mara nyingi sungura mgeni hafi kwa jicho la mtu, wala kwa baridi, wala kwa njaa. Hufa kwa sababu amebadilishiwa chakula ghafula. Jambo hilo ndilo somo letu.

Wala si jambo dogo. Zamani utajiri wa Masisi ulikuwa ng'ombe, na jibini ya huko inajulikana mbali. Lakini katika mapigano ya 1993 na vita vya 1996 makundi mengi ya ng'ombe yaliibiwa au kuchinjwa. Tena mwezi wa Januari 2025 vita vilifika mji wa Masisi, na mwezi wa Machi 2025 vikafika mji wa Walikale. Mtu aliyerudi kilimani kwake bila ng'ombe wala mbuzi, pengine mwanzo wake ni sungura jike mmoja na dume mmoja. Sungura huchukuliwa ndani ya kapu mtu akikimbia. Jike huzaa siku 31 hivi baada ya kupandwa, na samadi yake yafaa sana katika bustani. Lakini jike huyo akifa katika juma la kwanza, mwanzo wote umepotea. Basi soma polepole, na asiyejua kusoma asomewe.

II. Tumbo la sungura lilivyo

Sungura wa kufugwa si yule sungura wa porini wa hadithi. Yule huzaa watoto wenye manyoya na macho wazi. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya, upande wa Hispania, naye huzaa watoto uchi wasioona. Usijaribu kumfuga yule wa porini kwa kufuata somo hili.

Mambo manne yakupasa kuyajua juu ya mwili wake.

Kwanza, meno yake hayaachi kukua. Meno ya mbele hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Asipopata nyasi ngumu za kutafuna kila siku, meno hurefuka, humchoma, naye hushindwa kula.

Pili, hawezi kutapika. Mbwa akila kitu kibaya hukitapika. Kwa sungura, kilichoingia hakina njia ila kupita tumboni mpaka mwisho.

Tatu, katika utumbo wake mna mfuko mkubwa, na ndani yake mna vijidudu vingi visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi si ugonjwa; ni wapishi wake. Ndivyo vinavyopika nyasi mpaka ziwe chakula cha mwili. Lakini wapishi hawa wamezoea aina moja ya kuni na chungu. Ukibadili chakula kwa siku moja, wao hufa, na vijidudu vibaya hushika mahali pao. Tumbo hujaa hewa, au huharisha, au husimama kabisa. Wapishi wapya huchukua siku nyingi kuzoea kazi.

Nne, sungura ana choo cha namna mbili. Mchana utaona vidonge vikavu vya mviringo. Usiku au alfajiri hutoa vidonge laini vilivyoshikamana, naye huvila palepale kwa kuvipokea kwa mdomo. Watu wengine huona ni uchafu, wakamzuia. Usimzuie. Chakula hicho kina nguvu ambayo hakuipata mara ya kwanza. Ni sawa na ng'ombe anayecheua.

III. Kabla ya kumchukua

Uwe na maulizo manne kwa yule anayekuuzia au kukupa:

1. Sungura huyu alikuwa anakula nini? Taja majani yote.
2. Ana umri gani? Usimchukue aliye chini ya majuma 6. Afadhali aliyetimiza miezi 2. Aliyeachishwa ziwa mapema huharisha upesi.
3. Hupewa chakula saa ngapi?
4. Amezoea kunywa maji katika chombo gani?

Kisha umwombe fungu la chakula kile kile alichozoea, kiasi cha kutosha siku 4 au 5. Usione haya kuomba. Fungu hilo la majani lina faida kuliko kizimba kizuri. Lianike, lisiungue wala kuoza.

Tuseme mtu amenunua sungura katika vilima vya Masisi, akashuka naye mpaka bonde la mto Lowa upande wa Walikale. Sungura ametikiswa njiani kutwa nzima, ametoka baridini na kuingia jotoni, na majani ya huku siyo ya kule. Mambo matatu yamebadilika pamoja. Njia na hewa huwezi kuzizuia. Chakula waweza.

IV. Siku 14 za kwanza

Siku ya 1. Mweke mahali pa kivuli na kimya. Watoto wamtazame kwa mbali. Mpe maji safi, nyasi kavu, na kidogo cha chakula chake cha zamani. Hapana kitu kingine, hata akiomba.

Siku ya 2 na ya 3. Vivyo hivyo: chakula chake cha zamani na nyasi kavu.

Siku ya 4 hata ya 6. Gawa chakula mafungu 4. Mafungu 3 yawe ya zamani, fungu 1 la majani ya kwako.

Siku ya 7 hata ya 9. Nusu kwa nusu.

Siku ya 10 hata ya 13. Fungu 1 la zamani, mafungu 3 ya kwako. Ikiwa chakula cha zamani kimekwisha, tia nyasi kavu badala yake.

Siku ya 14. Sasa anakula chakula cha nyumbani mwako.

Angalia: kila jani jipya liingie peke yake. Likiingia leo, ungoje siku 2 kabla ya kuleta jingine. Hivyo tumbo likichafuka utajua ni jani gani. Ukileta majani matano siku moja, hutajua kamwe.

Je, kama hukujua alichokuwa anakula? Basi siku 3 za kwanza mpe nyasi kavu na maji tu, kisha anza na nyasi zilizonyauka, kidogo kidogo. Nyasi ni chakula ambacho kila tumbo la sungura hulijua.

V. Chakula kilicho sawasawa

Siku 14 zikiisha, shika kipimo hiki. Katika kila konzi 10 unazompa:

konzi 7 ziwe nyasi, mbichi zilizonyauka au kavu;
konzi 2 ziwe majani ya kujenga mwili, kama matembele au majani ya jamii ya kunde;
konzi 1 iwe vitu vingine: maganda, majani ya karoti, au pumba kidogo.

Sungura mzima mwenye kilo 3 hivi hula nusu kilo hata kilo moja ya majani mabichi kwa siku. Mpe fungu dogo asubuhi na fungu kubwa jioni, maana sungura hula zaidi jua likishuka na usiku. Watu wengi hukosea hapa: humpa chakula kingi mchana, na usiku kizimba ni kitupu.

Mahindi, pumba na viazi vilivyopikwa hunenepesha, lakini vingi humharisha, hasa aliye mdogo. Kijiko kimoja au viwili vya pumba vyatosha kwa siku. Maharagwe makavu mabichi usimpe. Karoti nayo ina sukari nyingi. Kipande kidogo chatosha, na majani yake ni bora kuliko yenyewe.

VI. Mwenye kukaa Masisi

Huko juu una bahati ya nyasi. Zile nyasi za kikuyu zinazotambaa katika malisho ya ng'ombe ni chakula chema. Kadhalika setaria, tripsakumu na mabingobingo yaliyopandwa kando ya matuta kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Mabingobingo yakatwe yakiwa machanga, urefu wa kiuno. Yakikomaa huwa miti mitupu.

Majani ya kujenga mwili utayapata kwa matembele na kwa kaliandra, kama umeipanda mpakani mwa shamba. Kabichi zipo nyingi, walakini mpe jani moja tu mara chache, kwa kuwa hutia hewa tumboni.

Adui wa Masisi ni mvua na umande. Usikate nyasi asubuhi zikiwa zimelowa na kumpa papo hapo. Ngoja jua lizikaushe, au zikate jioni, uzitandaze chini ya paa mpaka kesho. Usizirundike. Nyasi mbichi zikirundikwa hupata joto katikati, na nyasi zenye joto huumusha tumbo la sungura kama unga wa pombe.

Wakati wa kiangazi, mwezi wa Juni hata Agosti, weka akiba. Kata nyasi kabla hazijachanua, zitandaze juu ya uchaga, uzigeuze mara mbili kwa siku. Baada ya siku 2 au 3 za jua huwa kavu, na harufu yake ni nzuri. Zifunge matita, uzitundike chini ya paa. Nyasi zenye ukungu au harufu ya kuoza zitie katika samadi, si katika kizimba.

VII. Mwenye kukaa Walikale

Huko chini joto ni jingi na mvua hainyimi. Majani hayakosi, ila hayakauki. Kwa hiyo jenga uchaga chini ya upenu, mahali upepo unapopita, utandaze nyasi nyembamba nyembamba. Mabingobingo na nyasi za kando ya njia zafaa, lakini usikate mahali mbwa na mbuzi wanapojisaidia.

Matembele ni rafiki yako mkubwa. Majani ya migomba hujaza tumbo, ila hayajengi mwili. Yachanganye na mengine.

Sombe yataka akili. Majani mabichi ya mihogo yana sumu, na ya mihogo michungu yana sumu zaidi. Wewe huyatwanga na kuyapika sana kabla ya kula. Sungura hana chungu. Basi usimpe mabichi kamwe. Yakatekate, uyaanike juani siku 2 au 3 mpaka yavunjike mkononi, kisha umpe kidogo pamoja na nyasi nyingi.

Adui wa Walikale ni ukungu. Mahindi, karanga na pumba zilizowekwa mahali pa unyevu huota ukungu, na ukungu huo una sumu inayoharibu ini. Sungura hufa kwayo upesi kuliko mbuzi. Usiseme, "Mahindi haya hayafai kwa watu, basi nimpe sungura." Yasiyofaa kwako hayamfai naye.

VIII. Majani yanayoua

Wafundishe watoto wanaokwenda kukata majani. Ni wao ndio hujaza kapu.

Avoka. Katika Masisi miti hii iko karibu na nyumba nyingi. Majani yake, magome yake na tunda lake ni sumu kwa sungura. Usiweke kizimba chini ya mti wa avoka.

Viazi vya kizungu. Hapa watu hukosea kwa ajili ya jina. Kiazi kitamu na kiazi cha kizungu vyote viwili huitwa viazi. Majani ya kiazi kitamu, ndiyo matembele, ni chakula. Majani ya kiazi cha kizungu ni sumu, na kiazi chake kilichogeuka rangi ya kijani ni sumu, hata macho yake yanayochipua. Mwambie mtoto, "Kata yanayotambaa, yanayosimama wima uyaache."

Nyanya na tumbako. Majani yake ni sumu.

Mbarika. Majani ni mabaya, na mbegu ni mbaya zaidi.

Mnyaa wa ua. Utomvu wake mweupe huchoma mdomo na tumbo.

Jani usilolijua, usimpe. Usiseme kwamba mnyama hujichagulia mwenyewe. Sungura aliyefungiwa hula alichopewa.

IX. Maji na mahali pa kuwekea chakula

Kuna neno la zamani kwamba sungura hanywi maji, majani yamtosha. Si kweli. Mpe nusu lita ya maji safi kila siku, na jike anyonyeshaye mpe zaidi. Weka maji katika chungu kizito kisichopinduka, ukioshe kila asubuhi. Asiyekunywa huacha kula, na anayeacha kula tumbo lake husimama.

Chakula usikitupe chini. Tengeneza kihori cha vijiti, ukitundike ubavuni mwa kizimba, sungura avute nyasi kwa mdomo. Sababu ni hii: uko ugonjwa wa kuharisha unaoua sungura wachanga wengi, na mbegu zake hutoka katika choo. Mbegu hizo zinahitaji siku 2 hivi za unyevu na joto kabla ya kuweza kuambukiza. Ukifagia kila siku, na chakula kisiguse choo, umevunja njia yake. Sakafu ya fito zenye nafasi ndogo husaidia, choo kianguke chini.

X. Choo kitakuambia

Kila asubuhi tazama chini ya kizimba kabla ya kutia chakula.

Vidonge vikubwa, vikavu, vya mviringo: mambo ni mema.

Vidonge vidogo, vigumu, vichache: hapati nyasi za kutosha, au hanywi maji. Ongeza vyote viwili.

Vidonge laini vimebaki bila kuliwa, vimemchafua nyuma: chakula kina nguvu kupita kiasi. Ondoa pumba na vitu vitamu, ongeza nyasi.

Maji maji: ni hatari. Ondoa majani yote mabichi na pumba. Mpe nyasi kavu na maji safi tu, umtenge na wenzake, umwite mganga wa mifugo siku ile ile.

Hapana choo, naye hali: usingoje kesho. Sungura asiyekula tangu asubuhi hata asubuhi yuko karibu na kufa.

Tena usimpe dawa za watu. Amoksisilini na ampisilini, zinazouzwa madukani kwa wagonjwa, sungura akizimeza huua wale wapishi wema wa tumboni, naye hufa kwa kuharisha. Watu wengi wamemwua sungura kwa dawa hizi wakidhani wanamponya.

XI. Neno juu ya simbilisi

Wengi wanafuga simbilisi pia, yule ambaye wengine humwita dende. Tofauti moja uikumbuke. Mwili wa simbilisi hauwezi kujifanyizia vitamini C. Mwili wa sungura waweza. Kwa hiyo simbilisi apate majani mabichi kila siku, asiishi kwa nyasi kavu tu. Wala usiwaweke katika kizimba kimoja. Sungura humwumiza mwenzake kwa miguu ya nyuma, nao huambukizana maradhi.

XII. Maulizo ya kujipima

Funga kitabu, ujibu. Ukishindwa, rudi nyuma usome tena.

1. Kwa nini chakula kisibadilishwe kwa siku moja?
2. Siku ya kwanza sungura mgeni apewe nini?
3. Katika konzi 10, nyasi ni ngapi?
4. Majani gani ya viazi ni chakula, na yapi ni sumu?
5. Sombe hufanywaje kabla ya kupewa sungura?
6. Utafanya nini ukikuta choo cha maji maji?

Yaliyo ya kushika kuliko yote ni matatu: nyasi kwa wingi, maji kila siku, na kubadili polepole. Ukiyashika kwa siku 14, sungura wako amekuwa mwenyeji. Jike aliyekomaa, mwenye miezi 5 au 6, aweza kupelekwa kwa dume. Na jirani akija kukuomba mtoto wa sungura, usimpe sungura peke yake. Mpe na fungu la majani, umwambie la kufanya siku ya kwanza.